Sura ya Sita: Barafu ya Mwisho ya Mzee Arvid

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Nadhani wazee hao hawakuwahi kuletewa wageni ishirini na watano kwa mpigo, kila mmoja na uzito wa ndama, wakiwa na picha ya mamba kwenye helmeti.

Ndivyo timu ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa ukumbini, ilivyoingia Torvik, Minnesota, majira yale ya baridi. Ilikuwa imehama kutoka Port Landry, Texas, ambako ukumbi wake uligeuzwa soko la mashua. Jina la Mamba halikubadilishwa, kwa kuwa helmeti zilikwisha kupakwa rangi, ingawa mamba wa kweli angeachwa nje Torvik mwezi Januari asingemaliza hata robo saa.

Walipewa ukumbi wa barafu wa mji. Katikati ya Februari barafu ikayeyushwa, zulia la kijani likatandikwa. Na barafu ile ilikuwa na mwenyewe. Kwa miaka ishirini na saba Arvid Tollefsrud aliitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa: kuinyunyizia maji usiku, kuipima kwa kidole, kuwafukuza wenye viatu vichafu. Juu ya barafu hiyo wazee wa Torvik walicheza mchezo wao wa mawe, ule wa kuteleza mawe mazito yenye vishikio huku wengine wakifagia barafu mbele kwa mafagio ili yafike mbali, na jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha duara ndilo lenye pointi. Siku zulia lilipotandikwa, Arvid alivunja kipande cha barafu ya mwisho, akakipeleka nyumbani, akakitia kwenye jokofu kando ya mfuko wa njegere. Hapo mbele ya jokofu lililo wazi akaapa kwamba hataketi meza moja na mtu wa Mamba maadamu yu hai.

"Funga jokofu, Arvid," mkewe Sunniva alimwambia. "Njegere zinayeyuka."

Mwezi huohuo binti yao wa pekee, Maren, alikwisha kupenda Mamba.

Maren alikuwa na miaka thelathini na mmoja, msaidizi wa daktari wa meno. Wachezaji wote walipita kwake kupimwa kinga za meno, na yule wa kumi na nne alikuwa Cleophus Broussard, mlinzi wa mstari wa mbele, mrefu hata alilazimika kukunja magoti ili kichwa kifike kwenye mto wa kiti. Maren alimjazia mdomo ule udongo laini wa kupimia na kumwambia asiseme neno kwa dakika tatu. Cleophus hakusema. Alimtazama tu. Maren aliwahi kutazamwa na wanaume, lakini hakuwahi kutazamwa na mwanamume asiyeweza kujisifu. Dakika tatu zilipokwisha, alisahau kuutoa ule udongo.

Sasa ilikuwa Jumapili ya pili ya Aprili, na Cleophus alikwisha kuuliza lile swali ambalo mwanamke hulisubiri huku akijifanya halisubiri. Karakana ya meli ya pale Torvik, kando ya ziwa, ilikuwa tayari kumwajiri kuchomelea vyuma mwaka mzima, mpira uchezwe au usichezwe. Walitaka jibu lake Jumatatu asubuhi. Akikataa, msimu ukiisha angerudi kwao Texas na mabasi ya timu.

"Siwezi kukujibu," Maren alikuwa amemwambia, "mpaka uketi meza moja na baba yangu. Hata mara moja. Sitaki harusi ambayo baba anakula jikoni amesimama."

"Meza gani? Yule mzee akiniona dukani anageukia ukuta wa sabuni."

"Iko meza moja ambayo hawezi kuikimbia," Maren alisema.

Ndiyo sababu mchana huo, ibada ilipokwisha, walikuwa ndani ya gari la Maren, mbele ya ghala la viazi nje ya mji, ambako wazee wa mchezo wa mawe walikimbilia baada ya kufukuzwa ukumbini. Arvid alikuwa amemwaga maji juu ya sakafu ya saruji, akaacha milango wazi usiku kucha wiki kadhaa, akapata barafu. Lakini jua la Aprili lilikuwa limeanza kupiga mabati. Huu ulikuwa mchezo wa mwisho mpaka Novemba.

"Nieleze tena polepole," Cleophus alisema. Alikuwa ameshika ufagio kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

"Mchezo ukiisha, mshindi lazima aketi na aliyeshindwa, amhudumie kinywaji cha kwanza. Kila mtu na mwenzake wa upande wa pili. Nahodha na nahodha. Baba ni nahodha. Hajawahi kuvunja desturi hiyo hata siku alipofungwa na daktari aliyemng'oa jino bovu akaacha mzizi."

"Kwa hiyo mimi inabidi niwe nahodha."

"Ndiyo."

"Maren, mimi sijawahi kusimama juu ya barafu isipokuwa ile ya kwenye soda."

"Nahodha kazi yake ni kusimama mwisho wa uwanja na kupiga kelele."

Cleophus akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, walipofungwa pointi sitini na moja kwa ishirini. "Ungeanza na hapo, mpenzi."

Nahodha wa upande wa Maren alikuwa Mchungaji Borghild Aune, mwanamke mfupi mwenye mashavu mekundu, ambaye mahubiri ya Pasaka yalikuwa yamemmalizia sauti yote. Mchezaji wao wa nne alikuwa nyumbani akiuguza mgongo. Maren alipoingia na Cleophus, wazee wote wa ghala, kama ilivyo adabu ya Torvik, wakaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Cleophus alimpa mkono kila mtu. Alipofika kwa Arvid, mzee aliutazama mkono ule kana kwamba umetoka ukutani.

"Maren," Arvid alisema, "mwambie mgeni wako hapa si mahali pa kutazama. Viti hakuna."

"Amekuja kucheza, baba."

"Mwambie hapa hatubebi watu kuwaangusha chini."

"Nimesikia, mzee," Cleophus alisema. "Sitamwangusha mtu."

"Maren, mwambie sikuongea naye."

Mchungaji Borghild akawaita kwa kidole, akanong'ona kwa sauti ya karatasi inayochanika, "Nahodha asiye na sauti ni kengele ya udongo. Kiti changu namwachia huyu."

"Huyu?" Arvid aliruka. "Mchungaji, huyu hajui hata mawe yanatokea upande gani!"

"Sheria za klabu, Arvid. Yeyote aliyeshika ufagio na kusalimia wote aweza kuwa nahodha. Ziliandikwa kwa mwandiko wako."

Macho ya Arvid yalikwenda kwenye ile meza ndefu karibu na birika, ambako Sunniva na wanawake wawili walikuwa wakipanga chapati za viazi na samaki wa siki. Maren akayaona macho yale yakihesabu viti. Baba yake alikuwa ameelewa.

Mchezo wa raundi nane ukaanza, na nitakuwa mwongo nikisema Cleophus alicheza vizuri. Mawe yake mawili aliyatupa mwanzo wa kila raundi ili yaishe. La kwanza kabisa lilikwenda nusu ya uwanja, yeye akalipita kwa tumbo. Hakuna aliyecheka. Watu walimwambia kwamba hata barafu leo si ileile.

Lakini aliposimama mwisho wa uwanja, ufagio chini kama alama ya kulengea, mambo yakabadilika. Huyu alikuwa mtu aliyelipwa kwa miaka kumi kuwaambia watu wanne wa pembeni yake wafanye nini kwa wakati mmoja katikati ya vurugu.

"FAGIA!" alinguruma. "Fagia, Mchungaji, fagia! Usiliachie! Mama yangu weee, fagia! Acha! Acha, acha, acha... Safi!"

Vumbi la viazi lilianguka kutoka darini. Katika ghala lile sauti ya juu kabisa kupata kusikika ilikuwa ya mtu kusema "lo." Mchungaji Borghild, ambaye kabla ya unahodha alifagia miaka kumi na tisa kana kwamba anaogopa kuiamsha barafu, sasa alifagia kama anayezima moto.

Na kuna siri moja katika mchezo huu ambayo Maren hakuwahi kuijua mpaka siku ile. Anayesukuma jiwe sharti amtazame nahodha wake, tangu anapoinama mpaka anapoliachia. Ndivyo alivyopiga magoti katika baridi, jiwe mkononi, akayatazama yale macho ya siku ya udongo wa meno, hatua arobaini mbele yake, na hakuna aliyeweza kumwambia anatazama mno. Aliliachia jiwe. Likaenda palepale.

"Msichana wangu huyo!" Cleophus alipaza sauti, kisha akakumbuka alipo. "Samahani, mzee."

"Maren," Arvid alisema bila kugeuka, "mwambie nina masikio."

Raundi ya sita ilipokwisha walikuwa sawasawa, pointi nne kwa nne. Hapo Maren akahisi joto shingoni. Mlango mkubwa wa kusini ulikuwa wazi, na jua limelala juu ya barafu kama paka juu ya kitanda. Akaenda akaufunga. Aliporudi kutupa jiwe lake, mlango ulikuwa wazi tena, na baba yake amesimama kando yake, mikono nyuma.

Akamfuata.

"Baba. Unayeyusha barafu yako."

"Nahitaji hewa."

"Miaka ishirini na saba hukuhitaji hewa. Ulimfukuza Askofu kwa kuingia na supu ya moto."

"Supu ilikuwa na mvuke mwingi."

"Mchezo usipokwisha, hakuna meza. Ndivyo unavyotaka?"

Arvid alitazama nje, ambako theluji ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye matawi ya misonobari. Aliposema, sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Wale watu ni kama mabata wa ziwani, mwanangu. Walikuwa Texas. Sasa wako hapa. Watazamaji wakipungua, mwakani watakuwa Nebraska. Mtu anayekaa na timu inayohama naye huhama. Barafu nitatengeneza nyingine. Wewe je?"

Maren hakulitarajia hilo. Miezi yote hiyo alidhani wanagombania zulia.

"Karakana ya meli inamtaka," alisema. "Mwaka mzima. Timu ihame isihame, yeye anabaki. Anasubiri jibu langu tu, na mimi nakusubiri wewe. Kesho asubuhi ndiyo mwisho."

"Kuchomelea?"

"Kuchomelea."

"Ni kazi nzito," mzee alisema. "Kazi ya mtu mwenye mkono uliotulia." Kisha, polepole, akausukuma mlango ukafungika. "Lakini simpi raundi ya nane bure. Mwambie hivyo."

"Mwambie mwenyewe."

"Bado sijaketi naye meza moja."

Raundi ya nane, wakiwa bado sawasawa, jiwe la mwisho lilikuwa la Arvid. Jiwe la Maren lilikuwa limekaa karibu na kitovu cha duara. Arvid alihitaji tu kukikaribia kitovu kuliko hilo kwa upana wa kiganja. Jiwe kama hilo angeweza kulisukuma hata usingizini. Wafagiaji wake hawakugusa hata barafu, jinsi lilivyotoka zuri. Likateleza, likateleza, likafika pale mbele ya mlango wa kusini, likaingia kwenye dimbwi dogo la maji, likaguna, likasimama kama punda.

Ghala zima likatazama dimbwi. Kisha likatazama mlango. Kisha, kwa adabu, likatazama dari.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Arvid akavua kofia, akatembea uwanja mzima, na kwa mara ya kwanza akautwaa mkono wa Cleophus Broussard.

"Barafu mbaya," alisema kwa taabu. "Fundi wake hafai."

"Fundi wake ni bora kuliko wote niliowahi kuwaona," Cleophus alijibu.

"Umewaona wangapi?"

"Mmoja."

Wakaketi, nahodha na nahodha, uso kwa uso. Wengine wakajipanga pembeni. Maren alikaa kando ya Mchungaji, na moyo wake ulidunda kama mpira uliotupwa ngazini. Sunniva akamkabidhi Cleophus birika, maana yeye ndiye mshindi na mhudumu.

"Mzee," Cleophus alisema kwa heshima zote, "nikumiminie kahawa?"

"Hapana, asante," Arvid alisema.

"Sawa, mzee." Cleophus akalirudisha birika mahali pake.

Arvid alikitazama kikombe chake kitupu. Alikuwa amecheza saa mbili na nusu katika baridi, na harufu ya kahawa ilikuwa ikimpanda puani. Mchungaji alikohoa. Cleophus akamgeukia Maren kwa macho yanayouliza kosa lake ni nini.

"Mwanangu," Sunniva aliinama akamwambia Cleophus, "hapo alikuwa anaanza tu."

"Kuanza nini, mama?"

"Kukubali. Hapa mtu hukataa mara mbili, ili asionekane mlafi. Ya tatu husema, basi, kidogo tu, kama tayari ipo."

"Na asiyetaka kweli?"

"Huyo hukataa mara ya nne."

Cleophus akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama yangu! Zile tiketi!"

"Tiketi gani?"

"Za mchezo wetu wa kwanza. Za bure! Timu nzima tulizunguka nyumba hadi nyumba katika ile baridi. Kila mtu alisema hapana, asante, tukasema sawa, tukaondoka. Tumecheza mbele ya viti vitupu msimu mzima. Kocha alilia kwenye basi!"

"Sisi tulisimama dirishani tukawangoja mrudi," alisema mmoja wa wale wanawake wa chapati kwa uchungu. "Mume wangu alikuwa amekwisha kuvaa koti."

"Na sisi," akasema mwingine. "Tukaona labda hatutakiwi."

Hapo hata adabu ya Torvik ilishindwa. Mchungaji Borghild alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, na mzee mmoja akalazimika kutoka nje. Arvid peke yake hakucheka. Alikuwa bado anatazama birika.

"Kahawa, mzee?" Cleophus aliuliza.

"Hapana, usijisumbue."

"Kahawa, mzee?"

"Basi, kidogo tu. Kama tayari ipo."

Cleophus alimjazia mpaka ukingoni. Arvid akanywa kwa macho yaliyofumba. Alipoyafumbua, yule mlinzi mkubwa wa mstari wa mbele alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza, kama mtu anayepimwa, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Mzee Arvid. Mimi sina ufundi wa maneno. Nampenda binti yako. Nataka kumwoa na kukaa naye hapahapa Torvik, timu iwepo isiwepo. Unaniruhusu?"

Maren alimshika Mchungaji mkono.

"Hapana," Arvid alisema.

Neno lile lilitoka wazi, kavu, mbele ya mashahidi. Cleophus alipigwa nalo kifuani. Watu waliomwangukia Ijumaa kwa kilo mia na hamsini hawakumfanya alivyofanywa na mzee mwembamba mwenye masharubu ya kahawa. Rangi ilimtoka. Akasukuma kiti nyuma, akaanza kusimama.

"Nimekuelewa, mzee. Asante kwa kuketi nami."

"Unakwenda wapi?" Arvid aliuliza kwa hofu.

"Umesema hapana."

"Nimesema mara moja!" Mzee alikuwa naye amesimama, ameshika mkono wa koti la Cleophus kwa vidole vyote. "Keti chini, kijana! Mtu hamtoi binti yake wa pekee kwa kuulizwa mara moja kama anayeuza baiskeli mbovu. Watu watasema nini? Keti. Uliza tena."

Cleophus akaketi, polepole, kana kwamba kiti nacho kingebadili mawazo.

"Mzee Arvid, unaniruhusu nimwoe Maren?"

"Hapana, jamani, yeye ni mkaidi mno, utajisumbua," Arvid alisema, na sasa alikuwa akimtazama binti yake, na macho yake yalikuwa na maji ambayo hayakutoka kwenye dimbwi lolote. "Uliza."

"Unaniruhusu, baba?"

Arvid alivuta pumzi. Alimtazama mkewe. Sunniva alikuwa amejifunika mdomo kwa taulo la vyombo.

"Basi," mzee alisema. "Kama yeye mwenyewe tayari yupo."

Cleophus aligeuka, na kiti kikalia chini yake. Hakuhitaji kupiga goti. Hata akiwa ameketi, uso wake ulikuwa sawa na wa Maren, aliyekuwa ameinuka.

"Maren," alisema. "Nitauliza mara ngapi uta..."

"Ndiyo," Maren alisema. "Ndiyo, ndiyo, nakubali, nakutaka wewe na kilo zako zote!" Akamkumbatia shingoni mbele ya Mchungaji na samaki wa siki.

Wanawake wa chapati walitazamana. Mwanamke wa Torvik, ameulizwa mara moja, hata swali halijaisha, na amekubali!

"Mnaona?" Arvid alisema, akifuta masharubu. "Ameshaharibika."

Na akasogeza kikombe chake mbele ya mkwewe, kabla hajaulizwa.